Michango isiyojibiwa: barua ya wazi kwa kamati ya uongozi na wasimamizi wa msimbo

Kwenu wajumbe wa kamati ya uongozi, na kwenu wasimamizi wenye mamlaka ya kuunganisha msimbo,

Salamu na heshima. Ninaandika kwa uwazi kwa sababu jambo lenyewe si siri. Yeyote anayefungua ghala la msimbo la mradi wetu wa programu ya kumbukumbu za shule anakutana na maombi ya kuunganisha msimbo, yaani mabadiliko ya programu yanayoletwa na wachangiaji, au PR kama tunavyoziita sote, kwa mamia, na nyingi kati ya hizo zimepitisha mwaka bila mtu mwenye mamlaka kuandika chochote chini yake. Jina la mradi sitalitaja humu, kwa kuwa wanaohusika wanajijua, na kwa kuwa ninayoyasema yanaigusa pia miradi mingine ya programu huria inayoendeshwa na watu wachache kwa niaba ya watu wengi.

Sisemi kwamba wasimamizi wetu ni wavivu. Wale watatu wenye funguo za tawi kuu, yaani nakala rasmi ya msimbo ambayo michango yote huunganishwa nayo, wana ajira zao na familia zao, na kukagua msimbo wa mtu mwingine ni kazi nzito kuliko kuandika wa kwako: inabidi uelewe alichokusudia, ugundue alichosahau, upime kama hautaiangusha shule inayotumia toleo la zamani kwenye kompyuta iliyochoka, kisha ukubali kwamba tangu siku utakayouunganisha, msimbo huo ni wako kuutunza, maana aliyeuandika anaweza asionekane tena. Mchango unaweza kuandikwa jioni moja, lakini utunzaji wake ni wa miaka. Kwa hiyo foleni yenyewe si aibu, na mradi usio na foleni mara nyingi ni mradi usio na watu.

Ninachokiomba ni kimoja tu: kila mchango upate jibu la mtu anayejulikana, ndani ya muda unaojulikana, hata kama jibu hilo ni hapana. Mengine yote nitakayoyaeleza ni njia za kufika hapo.

Nianze na mchango mmoja, ambao nimeuchagua kwa sababu ni mdogo. Mwalimu mmoja wa kompyuta wa huko Nyanda za Juu Kusini aligundua kwamba programu yetu inapowatumia wazazi ujumbe mfupi, tuseme wa tarehe ya kufunga shule, na mtandao ukakatika katikati, programu haikumbuki ilipofikia. Mtandao ukirudi, inaanza upya na jina la kwanza la orodha. Wazazi wa watoto walio juu ya orodha wanapata ujumbe uleule mara mbili au tatu, na shule inaulipia kila mara, kwa salio ambalo mhasibu amelinunua kwa risiti na atalitolea hesabu. Mwalimu akaandika marekebisho yasiyozidi mistari hamsini: kila ujumbe unawekewa alama mara tu kampuni ya simu inapothibitisha kuupokea, na programu ikianza tena inairuka yote yenye alama. Akaandika na jaribio la kuthibitisha kwamba marekebisho yanafanya kazi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini tatizo alilieleza vizuri kuliko wengi wetu tunavyoyaeleza ya kwetu.

Alijibiwa kwa sentensi moja: asante, tutaangalia. Baada ya hapo, kimya. Miezi ikapita, muundo wa jedwali la ujumbe ukabadilishwa kwenye tawi kuu, msimbo wake ukagongana na ule mpya, akaurekebisha. Ukagongana tena, akaurekebisha tena. Ulipogongana mara ya tatu hakurudi, na roboti yetu, programu inayofunga yenyewe michango iliyokaa, ikaufunga kwa maneno yake ya siku zote, kwamba mchango umekaa muda mrefu bila shughuli. Bila shughuli ya nani? Baadaye mchangiaji wa nchi nyingine alileta suluhisho la tatizo lilelile bila kujua kwamba lilishapatikana, na lake nalo limo foleni hadi ninapoandika. Mwalimu, kwa habari nilizo nazo, anatumia nakala yake mwenyewe aliyoirekebisha, na shule za jirani zimeichukua kwake. Tatizo limekwisha kila mahali anapofahamika mwalimu huyu, isipokuwa ndani ya mradi wenyewe.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika miradi kama wetu kimya kingi hakina mshindo wowote, kwa kuwa mchangiaji aliyechoka haji kugombana na mtu, anaondoka tu. Hakuna takwimu zitakazowaonyesha kwamba ameondoka, na ndiyo sababu kamati inaweza kusoma ripoti ya mwaka yenye idadi nzuri ya wachangiaji wapya bila kujiuliza wale wa mwaka juzi wako wapi.

Kuhusu roboti ile, tuliiga kutoka miradi mikubwa bila kuiga kilicho nyuma yake. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi kwa pamoja, huwekea alama ombi lililokaa siku 90 bila shughuli, siku 30 zikipita hulipandisha alama ya pili, na nyingine 30 zikipita hulifunga. Lakini kule folda za msimbo zina faili inayotaja kwa majina nani ni mkaguzi na nani ni mwidhinishaji wa sehemu hiyo, na ombi jipya likiingia, mfumo unasoma faili hiyo na kulipangia watu. Hata hivyo wapo wanaoilalamikia roboti yao, na sidhani kwamba wanakosea. Sisi tulichukua roboti, tukayaacha majina. Naomba izimwe leo kwa kila mchango ambao haujawahi kukaguliwa, na ibakizwe tu kwa ule ambao mkaguzi alishauliza jambo na mwandishi hajajibu. Mabadiliko haya ni mistari michache ya faili la mipangilio, na hayahitaji kikao.

Mradi ninaowaomba muutazame kwa makini zaidi ni PostgreSQL, hifadhidata ambayo hata programu yetu inaitumia kutunza majina na alama za wanafunzi. Toleo lake la 8.3 lilipokuwa likiandaliwa mwaka 2007, viraka, yaani mabadiliko ya msimbo yanayoletwa na waandishi, vilikuwa vimerundikana kiasi kwamba muda mrefu ulipita kati ya kufungwa kwa mlango wa mambo mapya, mwezi wa nne mwaka huo, na kutolewa kwa toleo lenyewe, Februari 2008. Kuanzia maandalizi ya toleo la 8.4 waliweka utaratibu mpya: mara kadhaa kwa mwaka, kwa takriban mwezi mmoja kila mara, waandishi wanaweka pembeni kazi zao mpya na kukagua viraka vilivyoandikishwa. Kila kiraka kinaandikishwa kwenye orodha moja, na kina hali inayoonekana na wote: kinasubiri ukaguzi, kinamsubiri mwandishi, au kiko tayari kwa mwenye mamlaka ya kuunganisha. Mwisho wa mwezi kinatakiwa kiwe kimeunganishwa, kimekataliwa, kimerudishwa kwa mwandishi pamoja na maoni, au kimehamishiwa awamu inayofuata. Mtu mmoja huteuliwa kusimamia awamu hiyo, na kazi yake kubwa ni kuwakumbusha watu, kuuliza kiraka hiki kina nani, na kukifunga kile ambacho mwandishi wake amekitelekeza.

Kuna sharti lao jingine ambalo naliona ndilo lenye nguvu kuliko yote. Anayeleta kiraka anatarajiwa naye akague kiraka cha mtu mwingine chenye ugumu unaokaribiana na cha kwake. Huhitaji mamlaka ya kuunganisha ili ukague. Wanaoweza kuunganisha kule ni kama watu 30 tu, kwa programu inayotumika dunia nzima, lakini mkaguzi yeyote anaweza kujibu maswali ya mwanzo: je, kiraka kinaingia kwenye msimbo wa sasa bila mgongano, je, kinafanya kile kinachodai kufanya, je, kina majaribio, je, mwongozo wa mtumiaji umeguswa panapohitajika? Kiraka kilichojibiwa maswali hayo kinapomfikia mwenye funguo, kinakuwa kimeshachujwa, na kwake inabaki kazi ya kuamua.

Sitaki kuupamba utaratibu huo kuliko ulivyo. Wenyewe wamelalamika zaidi ya mara moja kwamba viraka vingi vinahamishwa kutoka awamu hadi awamu kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kusema hapana, na kwamba orodha inazidi kurefuka. Lakini tofauti kati ya kuhamishiwa awamu ijayo na kusahauliwa ni kubwa sana kwa anayesubiri. Wa kwanza anajua alipo.

Katika hilo la kusema hapana, naomba niwe mkali kidogo. Wasimamizi wetu ni watu waungwana, na kwa uungwana huo wameacha wazi maombi ambayo kila mmoja wao anajua hayataunganishwa kamwe. Lipo ombi la kuongeza mchezo wa hesabu kwenye ukurasa wa mwanafunzi, na lipo la kubadilisha lugha nzima ambayo programu imeandikwa. Kuyaacha wazi si hisani, kwani aliyeandika anaendelea kusubiri, na anayetafuta kitu cha kukagua analazimika kuyapita kila siku ili ayafikie yale ya maana. Kataeni mapema, kwa sababu iliyoandikwa, na kwa adabu. Mistari mitatu inatosha: tumesoma, hatutachukua kwa sababu hii, na kama unataka kusaidia, sehemu inayohitaji watu ni ile. Mtu aliyekataliwa ndani ya wiki moja anaweza kurudi na mchango mwingine, na nimeshuhudia wakirudi.

Najua pingamizi litakalotolewa kuhusu kuongeza watu wenye mamlaka, kwa sababu nimelisikia: funguo zikigawiwa ovyo, mradi utaingiliwa. Pingamizi hilo ni la haki, na ushahidi wake ni wa juzi tu. Programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, ambayo imo karibu kila mahali palipo na mfumo endeshi wa Linux, ilitunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja, Lasse Collin. Mwaka 2022 zilimfikia barua za watu wasiojulikana waliomsuta kwamba viraka vinakaa bila kuunganishwa na kumshinikiza aongeze msimamizi, na hazikukoma hata alipoeleza kwamba afya yake ya akili haikuwa nzuri. Aliyekuwa tayari kusaidia, akijiita Jia Tan, alishaanza kuleta michango mizuri, na hatimaye akapewa mamlaka. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ya Februari na Machi 2024, yakatoka na mlango wa siri ndani yake. Aliyeugundua ni Andres Freund, ambaye kwa bahati ni mmoja wa waandishi wa PostgreSQL niliyoitaja. Alikuwa akipima kasi ya kazi yake akaona kuingia kwenye seva kwa njia ya ssh, yaani kwa mbali kupitia mtandao, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu.

Wengine wamejifunza kutokana na mkasa huo kwamba funguo zisigawiwe. Mimi nausoma kinyume. Foleni isiyo na majibu ndiyo iliyokuwa silaha mikononi mwa wale waliomshinikiza Collin, na mtu mmoja aliyechoka ndiye aliyekuwa mlango rahisi. Tukibaki na watatu, mmoja akiugua na mwingine akibadilisha kazi, yule wa tatu atampokea yeyote atakayejitokeza akiwa na uso wa kusaidia. Njia salama ni kuligawa jukumu kwa sehemu. Anayekagua sehemu ya ujumbe mfupi aruhusiwe kuidhinisha mambo ya sehemu hiyo tu. Kila mchango upitiwe na watu wawili kabla ya kuunganishwa, na mmoja kati yao asiwe mgeni. Sehemu nyeti, kama vile nywila, malipo ya ada na utengenezaji wa matoleo, zibaki kwa wale wa siku zote.

Kiini cha Linux kilipita njia hiyohiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na tena mwanzoni mwa mwaka 2002 waandishi wake walilalamika kwamba viraka wanavyomtumia Linus Torvalds, mwanzilishi wake, vinapotea bila jibu, hata likatolewa pendekezo la kumteulia mtu wa kukusanya viraka vidogo. Februari 2002 alianza kutumia mfumo wa kutunza matoleo ulioitwa BitKeeper, na ruhusa ya kuutumia bure ilipoondolewa mwaka 2005 akaandika Git, ambayo ndiyo tunayoitumia sisi sote leo. Lakini kilichowaokoa hakikuwa chombo peke yake. Kiini hicho kina faili linaloorodhesha kila sehemu na mtunzaji wake, na kila sehemu imeandikiwa hali yake: inatunzwa na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, inatunzwa tu, inarekebishwa mara mojamoja, au ni yatima. Napenda sana ukweli wa hilo neno la mwisho. Sehemu yetu ya kuchapisha ripoti za muhula ni yatima kwa muda mrefu sasa, na ingeandikwa hivyo waziwazi, pengine angepatikana wa kuilea. Anayeleta mchango humo naye angejua mapema kwamba atangoja.

Lipo jingine linaloizidishia foleni uzito, nalo ni michango isiyo na mtu nyuma yake. Oktoba 2020, tamasha la kila mwaka la Hacktoberfest lilipoahidi fulana kwa yeyote atakayeleta PR nne, miradi ilifurikwa na mabadiliko ya neno moja kwenye mafaili ya maelezo, na ndani ya siku chache waandaaji walilazimika kubadilisha kanuni ili ihusishwe miradi iliyokubali yenyewe tu. Wale angalau walikuwa wakiandika neno lao moja. Sasa mtu anaweza kuagiza akili mnemba imwandikie mistari mia tano kwa dakika moja, akailete bila kuisoma, na mzigo wote wa kuelewa ukahamia kwa mkaguzi. Gentoo, mradi mmojawapo wa Linux, ilipiga marufuku michango ya namna hiyo mwaka 2024. Siwaombi mfike huko, kwa sababu wapo vijana wanaojifunza kwa vyombo hivyo na wanaokifahamu walichokileta. Naomba kanuni moja tu iandikwe kwenye mwongozo wa wachangiaji: asiyeweza kueleza mchango wake kwa maneno yake mwenyewe akiulizwa, mchango wake utafungwa bila kukaguliwa. Na mkaguzi atakayeufunga asitakiwe kujieleza zaidi ya hapo.

Ninaposema maneno yake mwenyewe, sina maana ya Kiingereza. Sehemu kubwa ya shule zinazotumia programu hii ziko Tanzania, Kenya na mashariki ya Kongo, na wanaoyaona matatizo yake ya kweli ni walimu wanaofikiri na kufanya kazi kwa Kiswahili. Wakaguzi wa kujitolea wanaokijua Kiswahili tupo. Mchango ukielezwa kwa Kiswahili upokelewe, na mmoja wetu auandikie muhtasari wa Kiingereza kwa ajili ya wasimamizi wasiokijua. Kazi hiyo ni ya dakika chache, ukilinganisha na muda unaopotea sasa kukisia maana ya Kiingereza cha kulazimisha.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Wafadhili wanapenda kulipia vitu vipya vya kuonyesha kwenye ripoti, na kila kitu kipya kinaongeza msimbo wa kutunza bila kuongeza mtunzaji. Hitilafu ya Heartbleed ilipogunduliwa ndani ya OpenSSL mwaka 2014, ndipo wengi walipojua kwamba programu inayolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ilikuwa ikipata michango ya hiari ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Andiko la ufadhili linaloandaliwa sasa liwe na fungu la muda wa ukaguzi, lililotajwa hivyo hivyo, na lisifichwe ndani ya gharama za uendeshaji ambako litakuwa la kwanza kukatwa.

Kamati itakutana kabla ya robo hii ya mwaka kwisha. Naomba ajenda yake iwe na maswali mawili: mwezi wa kwanza wa ukaguzi uanze lini, na nani awe msimamizi wake. Mwezi huo tawi kuu lisipokee jambo lolote jipya isipokuwa marekebisho ya usalama, na kila aliye na PR yake wazi aombwe akague ya mwenzake. Katika kusubiri uamuzi wenu, sisi wakaguzi wa kujitolea tumeanza kuzipitia PR zilizokaa muda mrefu kuliko zote na kuzigawa katika mafungu: zinazoingia bila mgongano, zinazohitaji mwandishi aulizwe kama bado yupo, zinazorudia kazi iliyokwisha kufanyika, na zile ambazo kwa maoni yetu zinastahili kukataliwa. Orodha tutaikabidhi kwa katibu wa kamati wiki moja kabla ya kikao, ikiwa na sababu mbele ya kila ombi, ili wasimamizi waweze kuzifunga au kuziunganisha bila kuanza kusoma upya.

Wenu katika kazi,

Mchangiaji na mkaguzi wa kujitolea